Bia Nyeusi ya Tangi la Tatu

Mheshimiwa Mkurugenzi wetu. Waheshimiwa wajumbe wa bodi, ambao leo nawaona kwa mara ya kwanza mmeshika glasi badala ya makabrasha. Ndugu Meneja wa Uzalishaji. Ndugu wageni waalikwa. Wanachama wa Meza ya Jumamosi, wateja wetu mnaokuja kila wiki kuonja na kubishana. Wafanyakazi wenzangu wa matangini, wa chupani na wa stoo. Na wewe mume wangu, uliyekaa hapo mbele na soda yako. Nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Nilikuwa nimeandika hotuba ya kuwaaga. Ina kurasa nne, binti yangu ameichapa vizuri, na ina shukrani kwa kila idara mpaka walinzi wa getini. Ipo mkobani na itabaki humo humo. Mheshimiwa Mkurugenzi, katika kunisifia hivi punde, amerudia maneno niliyowahi kuyasema, "Mimi sikuulizwa kama ni tamu," na ninyi mkapiga makofi mpaka chupa zikagongana mezani. Vijana wa matangini mmeyaandika mgongoni mwa fulana zenu, nimeyaona. Nawashukuru kwa mapenzi. Lakini makofi yale yamenichoma, kwa sababu kuna mtu mmoja humu ndani ambaye hakupiga makofi, na kwa kweli huyo ndiye ninayezungumza naye leo. Ninyi wengine mtanisamehe, mtasikiliza pembeni.

Wageni wetu pengine hamjui mwonjaji mkuu anafanya kazi gani. Wengi mnadhani nimelipwa miaka ishirini na miwili kwa kulewa. Laiti! Kila siku saa nne asubuhi, watu sita tunaingia kile chumba cheupe kisicho na dirisha. Hakuna aliyejipaka manukato, hakuna aliyekula kitunguu, na aliyepiga mswaki dakika tano zilizopita hurudishwa mlangoni. Kila mmoja anapewa glasi tatu zilizofunikwa, mbili zina bia ile ile na moja ina bia tofauti, nawe utafute ile moja. Tunanusa, tunaonja, tunameza kidogo, kwa sababu uchungu wa bia unakaa nyuma ya ulimi na anayetema hawezi kuujua. Halafu tunatafuna kipande cha mkate mkavu na kuanza upya. Na muda wote huo tumegeukia ukuta, kila mtu na ukuta wake, kama wanafunzi waliopewa adhabu. Kwa nini ukuta? Kwa sababu ukiona mwenzako amekunja uso, na wewe utaikuta bia mbaya hata kama ilikuwa nzuri. Utaratibu huo niliuanzisha mimi, na ndio ninaojivunia kuliko yote.

Nyumbani kazi hii imeleta vituko vyake. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliambiwa kwamba mkwewe anafanya kazi ya nafaka. Hatukumdanganya, shayiri ni nafaka. Aliishi miaka tisa akinisifia kwa majirani kuwa nahudumia kinu. Na mume wangu hapo, ambaye hajawahi kuonja bia hata tone, amevumilia mke asiyejipaka manukato, anayenusa sufuria kabla ya kusalimia na kutangaza kuwa maziwa yatakatika kesho. Yakikatika, ananitazama kama mimi ndiye niliyeyaharibu. Baba watoto, pole sana, na asante. Kuanzia Jumatatu nitajipaka manukato mpaka ukimbie mwenyewe.

Ninyi wa Meza ya Jumamosi nimewapenda tangu siku ya kwanza. Mmekuja hapa mkitoka kwenye bia za makopo, zile ambazo ukifumba macho huwezi kuzitofautisha, mkaanza kutafuta kila mtu ya kwake. Fundi cherehani alianza kwa kuapa kwamba bia chungu ni dawa ya malaria, leo haagizi nyingine. Dada wa famasi amezunguka bia zetu zote tisa kwa miezi minane kabla hajatua kwenye ile ya ngano. Na Mwalimu Mstaafu, yule pale mwenye daftari, husahihisha bia zetu kwa kalamu nyekundu. Bia yetu ya asali aliipa sitini na moja, akaandika pembeni, "Ana uwezo, lakini anacheka cheka sana darasani." Nilibishana naye Jumamosi tatu, mpaka nikaionja tena na kukiri kuwa gesi ilikuwa imezidi kweli.

Na kila mmoja wenu amewahi kuniuliza swali lile lile. Mama, wewe unaipenda ipi? Nimeulizwa harusini, nimeulizwa benki, nimeulizwa na daktari akiwa ameshika sindano. Siku zote nimejibu kwamba mwonjaji hana kipenzi, kipenzi chake ni ile iliyo kama lebo inavyosema. Jibu zuri, sivyo? Lina hekima, lina heshima. Ni uongo mtupu. Kipenzi ninacho, na nimekificha miaka kumi na moja.

Sasa nisikilizeni. Mnamjua mpishi wetu mkuu wa bia. Mnamwita Kimya, na hana kinyongo na jina hilo, au kama anacho hajasema. Miaka kumi na moja iliyopita hakuwa mkuu wa chochote. Alikuwa mpishi mgeni, mwenye mke mjamzito na suruali moja ya kazi. Siku moja alipika bia nyeusi kwenye tangi la tatu. Kwenye friji kulikuwa na mitungi miwili ya hamira, mmoja wa bia nyeusi na mmoja wa bia ya ngano. Unyevu ulikuwa umebandua karatasi za majina, zote mbili ziko chini, na mitungi imesimama pale uchi kama mapacha. Mtu mwingine angeuliza. Yeye, kwa aibu ya ugeni, alichagua. Akachagua siyo.

Hamira ile ilifanya kazi yake siku kumi. Tulipofungua bomba, bia ikatoka nyeusi kama ilivyotakiwa, lakini ikinukia ndizi mbivu na karafuu, na chini yake kuna ladha ya mkate ulioungua kidogo pembeni, ile pembe ambayo watoto huigombea. Nilimeza, nikasimama. Ndugu zangu, mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini macho yangu yalipata maji. Kimya alikuwa amesimama mbele yangu akinitazama usoni, kwa sababu pale matangini hakuna ukuta wa kugeukia. Akaniuliza, "Mama, imeharibika, najua. Lakini si tamu?"

Nami nikakaza uso nikamjibu, "Mimi sikuulizwa kama ni tamu. Nimeulizwa kama ni Bia Nyeusi, na siyo. Mwaga."

Lita elfu moja na mia mbili zikaenda kwenye mtaro. Ndipo mkanibatiza Mama Mwaga, mkidhani sijui. Najua, na nililipenda jina lile. Nililivaa kama kitenge kipya.

Mtauliza, na mna haki ya kuuliza, je, haikuwezekana kubadilisha lebo? Iliwezekana. Ilihitaji sentensi moja tu kutoka kwangu. Kwa nini sikuiandika? Kwa sababu wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimepitisha mzigo wa bia ukachachia madukani, na mkurugenzi wa wakati ule, siyo huyu, alinisema mbele ya kiwanda kizima, mbele ya madereva, mbele ya wafagiaji, akaniuliza kama pua yangu ipo kwa ajili ya kubebea miwani. Nilitaka kuonekana mkali. Nilimpata mtu wa kumwonyeshea ukali wangu, tena aliyekuwa mdogo na mgeni, asiye na wa kumtetea. Haikuwa kanuni, ndugu zangu. Ilikuwa hofu iliyovaa koti jeupe. Na hofu ile ndiyo mmeiandika mgongoni mwa fulana.

Ningeondoka leo nikiwa nimelimeza hilo, na lingetulia tumboni, maana nimezoea kumeza. Lakini Jumanne iliyopita Mheshimiwa Mkurugenzi alituita ofisini, mimi na Kimya. Akamwambia, "Mama anastaafu. Kiti cha mwonjaji mkuu ni chako." Mimi ndiye niliyempendekeza, na sikumpendekeza mwingine. Kimya akasema, "Hapana, Bosi. Tafuteni mtu mwingine. Ulimi wangu si wa kuaminika."

Nilimfuata kwenye korido nikamshika mkono wa koti. Nikamwambia, "Wewe mwanangu, umerogwa? Ulimi wako una nini?"

Akasema, "Ulimi huu ulishanidanganya, Mama. Ile nyeusi ya tangi la tatu uliyoimwaga. Mimi niliiona tamu kuliko bia yoyote duniani. Tangu siku ile nikionja kitu sijiamini. Huwa nakuletea wewe, nakuangalia usoni, ndipo najua."

Mnasikia? Miaka kumi na moja nawageuza watu ukutani wasisomane nyuso, na mpishi bora niliyepata kufanya naye kazi anasoma uso wangu. Nilirudi nyumbani, mume wangu akanipa chai, nikainywa yote bila kujua kama ina sukari. Haikuwa na sukari. Ananikumbusha mpaka leo.

Jana nikaenda masjala. Dada wa masjala, ambaye hatupi karatasi hata akiombwa, alinitolea fomu ya siku ile, hii hapa niliyoishika. Ina maswali mawili. La kwanza, "Je, inalingana na lebo?" Nimejaza, hailingani, na nimepiga mstari chini mara mbili kwa mbwembwe. La pili, "Maoni mengine ya mwonjaji." Pameachwa wazi. Nusu ukurasa mzima, mweupe, na sahihi yangu chini yake.

Asubuhi ya leo nimepajaza. Nimeweka tarehe ya leo, kwa sababu kughushi tarehe ni kosa na sitaki kufukuzwa siku ya kustaafu. Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba niisome ili iingie kwenye kumbukumbu za kiwanda. "Kosa ni la hamira, si la ulimi wa mpishi. Ni bia bora kuliko zote nilizoonja kabla ya siku hiyo na baada yake. Mpishi alisema ni tamu, na mpishi alisema kweli. Nilipobaki peke yangu nilikunywa glasi nzima, kisha nikafungua bomba la mtaro kwa mkono wangu mwenyewe. Isimwagwe."

Najua imeshamwagwa. Nimechelewa miaka kumi na moja, na samahani yangu haiwezi kujaza hata chupa moja. Lakini mwanangu, ulimi wako haukukudanganya siku ile. Aliyekudanganya ni mimi. Umebeba makosa ya uso wangu ukidhani ni ya ulimi wako, na mimi nimepokea makofi juu yake. Naomba radhi, mbele ya mkeo, mbele ya yule binti yako aliyekuwa tumboni wakati ule na leo ananifika begani, na mbele ya watu wote waliozoea kunipigia makofi.

Vijana, fulana hizo zivaeni tu kuoshea matangi. Mwalimu Mstaafu, naona umefungua daftari. Andika unachotaka, nimestahili kalamu nyekundu.

Sasa Kimya, nakuuliza mara ya mwisho nikiwa bado mkubwa wako kazini, maana ikifika saa kumi na moja sina tena amri juu yako. Kiti kile utakikalia, au hutakikalia? Hapana, usiniangalie mimi. Geuka, ukuta ule pale nyuma yako. Jiulize mwenyewe, halafu utujibu. Tutasubiri. Tumezoea kusubiri siku kumi, dakika moja haitatuua.

Amesema. Wa nyuma mmesikia? Hamkusikia, huyu hata akipaza sauti ananong'ona. Amesema, "Nitakikalia, Mama. Ila kwanza nitaipika tena, na safari hii tutaandika lebo yake."

Basi mimi sina la ziada. Mheshimiwa Mkurugenzi, wageni wetu, wenzangu wote, asanteni kwa masikio yenu na kwa subira yenu, na asante wewe, mwanangu, kwa kunijibu bila kunitazama.