Pete ya Shaba kwenye Funguo za Kamyoneti

Sogeeni, wanangu, kaeni mkekani karibu na kichwa changu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na wewe Radjabu, jirani yangu, usiondoke, nataka masikio ya mtu asiye wa damu yetu. Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Nyumba hii ya Buyenzi mnajua itakavyogawanywa, dini imekwisha kusema na mimi Atumani siongezi wala sipunguzi. Mama yenu Fatouma tu asihamishwe chumba hiki akiwa hai. Kinachoninyima raha ni kamyoneti, hilo gari letu la mizigo.

Faruk, mwanangu, nimeliona bidoni la oili ya gia ulilolileta jana. Nakusifu, wallahi, kwa kuwa tangu nchi jirani zitufungie mipaka oili imekuwa adimu kuliko sukari, nawe umezunguka mpaka Kinindo ukaipata. Lakini usiimwage kwenye sanduku la gia. Uliniambia, "Baba, hii ni GL-5, inaishinda ile yetu ya GL-4." Apana, mwanangu. Hayo si darasa la nne na darasa la tano. Hiyo yako ni ya ponti ya nyuma, pale kati ya magurudumu, kule chuma kinasagana na chuma kitupu, iweke huko, itafaa sana. Ndani ya sanduku la gia la gari la umri huu kuna pete za shaba, ndizo zinazotuliza gia kabla hazijashikana, na dawa iliyomo katika oili yako, hiyo inayonuka kama yai viza, inazila pole pole mpaka gia zinaanza kulia kama mbuzi.

Haya sikuyajua kwa akili yangu. Mimi ni mtu wa kupenda nguvu. Nikiona oili nzito inayochoma pua nasema ndiyo yenyewe. Aliyejua ni dada yako Khadidja. Mwaka vita vilipoanza kutuuma humu mjini, alichukua pete kuukuu tuliyoitoa kwenye gari lililokufa, akaikata vipande viwili, akatia kimoja katika kikopo cha oili hii na kingine katika ile, akaviweka juu ya makaa ya mama yake maharagwe yalipokwisha kuiva. Nikamcheka mbele za watu: "Njooni muone, mtoto wangu anapika pilau ya oili!" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Ngoja iive, baba, nitakupakulia." Kipande cha GL-4 kikatoka cha njano kama kilivyoingia, cha GL-5 cheusi kama tako la sufuria. Akavitoboa, akavifunga kwenye funguo za gari. Viko pale mpaka leo, vitazameni.

Mungu anisamehe kicheko kile. Mnakumbuka siku risasi zilipokuwa zikilia na Spès wa nyumba ya pili akashikwa na uchungu wa kuzaa, na mimi mguu huu umevimba siwezi kukanyaga pedali, Khadidja akashika usukani ampeleke hospitali. Demareri ya kuwashia injini ilikuwa imekufa, kama ilivyo hadi sasa. Injini ikizimika njiani haiwaki mpaka gari lisukumwe, na nani angeshuka kusukuma siku ile? Kwenye njia ya Bwiza vijana walikuwa wamepanga mawe barabarani. Akapunguza mwendo, akarudisha gia ya pili huku gari likitembea, ikaingia kimya kama mkono kwenye mfuko wa kanzu, na injini haikushtuka. Kijana mmoja akamwambia, "We mama, unajua kuendesha ama umeiba gari ya watu?" Naye akasema, "Ni ya baba. Kama unataka usukani, chukua, mi niende nyuma nizalishe." Wakacheka, wakaondoa mawe. Ndiyo maana leo Sijaona, mtoto wa Spès, yupo duniani na mama yake yupo.

Sasa nasema la moyoni. Natamani kamyoneti ibaki kwa Khadidja. Mama yenu ameridhia. Lakini dini yetu haimruhusu mtu kumwongezea mrithi mmoja juu ya fungu lake ila wenzake waridhie, nami sitaki kusimama mbele ya Mola nikiwa nimemdhulumu mwanangu kwa ajili ya gari. Kwa hiyo siamuru, Faruk. Nakuomba. Ukikataa, radhi yangu unayo vile vile.

Kabla hujajibu, nendeni wote wawili. Dada yako aendeshe mpaka kona ya msikiti arudi, nawe uweke kiganja chako juu ya mkono wake anapobadilisha gia. Nenda, baba.

Fatouma, niinue kidogo. Maji... apana, baadaye. Vijana wanasukuma. Imewaka. Sikiliza, Radjabu. Ya kwanza... Ya pili. Umesikia kitu? Hata mimi sikusikia. Subhanallah, huo ndio uzuri wake.

Mmerudi. Faruk, mbona unalia, wewe mtu mzima mwenye duka? Khadidja, funguo hizo... nani amekutilia mkononi? Yeye? Sema kwa sauti, baba, Radjabu asikie. Alhamdulillahi. Uyarudie maneno hayo ya kuridhia nikishazikwa, ndiyo sheria. Na bidoni lako... la ponti, usisahau, la ponti ya nyuma. Mwenye shida akigonga, mpelekeni, msiulize kabila lake wala anasali wapi. Mungu awaondolee mawe njiani, kama alivyo... kama siku ile.

Fatouma, nigeuze kibla. Hiyo injini... msiizime kwanza. Iacheni iungurume. Naisikia bado.