Asubuhi Niliyokunywa Fidla

Ndugu zangu, kabla hamjaniona mtu mzima, ngoja niwaambie nilichowahi kunywa.

Nilitoka Kigoma. Mpanda, Sumbawanga, Tunduma, Mbeya, siku tano juu ya malori, na kila nilipofika nililia kwa kukumbuka nilikotoka, nikajifariji kwa pombe. Tukuyu nilishushwa na mvua. Nikajikinga barazani kwa mzee mmoja wa mtaa wa Bulyaga, fundi wa kuchonga fidla kwa mkono. Akanipa patasi. "Usikae bure." Nikakaa mwaka.

Mikono yangu ilimfaa. Tatizo koo. Akaniambia, "Mwanangu, siku pombe ikigusa kazi yangu, unaondoka." Nami, kwa mara ya kwanza maishani, sikutaka kuondoka popote.

Tulikuwa na fidla ya kwaya, inatakiwa Jumapili. Jumanne asubuhi naamka, kichwa kinagonga. Jikoni naona sufuria: kwato, ngozi, mchuzi mzito wa moto. Mlevi akiamka hutafuta nini? Eeh, supu, naona mnajua! Nikakamua ndimu, nikatia chumvi na pilipili. Nikanywa mabakuli mawili.

Ilikuwa gundi ya kuunganishia fidla. Mzee alikuwa ameichemsha siku mbili.

Akaingia. "Gundi iko wapi?" Nikataka kuungama, midomo ikagoma, masharubu yalikuwa yameganda kwenye mdomo wa chini. Mkewe akachungulia sufuria, akaona maganda ya ndimu, akaangua kicheko.

"Baba we! Huyu kainywa fidla!"

Nikachukua begi langu. Mzee akauliza, "Unakwenda wapi na gundi yangu tumboni? Kaa. Chemsha nyingine."

Nawaambia, gundi ile moto ukizidi inaharibika, ukipungua inaganda. Huwezi kuiacha ukapite kilabuni. Nilikoroga siku mbili, mama, mke wa mzee, akinipokea nikisinzia, na siku mbili bila pombe nilikuwa sijawahi kuzifikisha. Jumapili kwaya ikaimba, fidla ikashika. Jumatatu nikaomba sufuria nyingine ya kukoroga.

Basi namshukuru yule mzee aliyeninyima ruhusa ya kukimbia, na mama aliyenicheka bila kunidharau. Nanyi mnaojaribu kuacha, tafuteni kazi isiyoweza kuachwa jikoni peke yake.

Nilipomaliza fidla yangu mwenyewe, miguu ikaniwasha tena kwa hamu ya safari. Siku niliyoondoka moja kwa moja, mzima, macho makavu, mama alinisindikiza na chupa ya chai yenye kitu cha moto ndani.

"Safari hii ni supu kweli."

"Ndaga, mama," nikamshukuru kwa Kinyakyusa. Nikamimina kidogo kwenye kifuniko, nikachovya vidole viwili, nikavibana, nikasubiri. Vikaachana. Ndipo nikanywa.