Kipimo Nilichokiruka

Ndugu zangu, nawasalimu. Jina la Bwana libarikiwe! Nimeomba kwa mchungaji nafasi hii ya kushuhudia.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Ruth wa mtaa wa Bel-Air, muuza samaki wa kukausha. Mume wangu ni fundi wa magari, amekaa pale nyuma, na mtoto anayemvuta kola ya shati ni Chanda wetu. Ana miaka mitatu.

Mtakumbuka kwamba kabla ya majira ya baridi nilisimama hapahapa kumshukuru Mungu. Nilisema mtoto tuliyemleta kutoka Zambia amepimwa kila kitu, na ni mzima. Mliimba, mkanikumbatia. Ndugu zangu, sikuwaambia kweli. Leo nimekuja kusema yote.

Ruth alikuwa mtoto wetu wa tumbo, na wa pekee. Alikuwa na ule ugonjwa wa damu wa kurithi tunaouita SS. Sisi hatukujua. Kila alipolia kwamba mifupa inamuuma tulimpaka mafuta tukamfunika. Siku tulipojua jina la ugonjwa, damu yake ilikuwa imekwisha kabisa, na hakurudi nyumbani tena. Alikuwa na miaka minne. Jina la ugonjwa nililisikia likitajwa kwenye dirisha la laboratwari, pale wanapopima damu, watu wamepanga mstari nyuma yangu, na wote wakalisikia pamoja nami. Baada ya mazishi, mama mkwe wangu akasema mbele ya ukoo kwamba damu mbaya ilitoka upande wangu. Daktari alikuwa ametueleza kwamba mtoto wa SS hurithi kwa baba na kwa mama pia. Lakini neno likishatamkwa kwenye kilio, nani atalirudisha? Tukaogopa kuzaa tena. Nyumba yetu ikanyamaza.

Miaka mingi nilikuwa nanunua samaki Kasenga, mpakani, kwa mwanamke wa ng'ambo ya mto Luapula, upande wa Zambia, jina lake Bwalya. Alikuwa mjane, ana binti mmoja mdogo, huyu Chanda. Tulizoeana kama ndugu, yeye na Kibemba chake, mimi na Kiswahili changu. Safari moja sikumkuta. Nikamkuta mama yake, mzee sana, na mtoto mgongoni. Bwalya alikuwa amezikwa wiki tatu kabla. Bibi yule akanishika mkono, akaniambia hana nguvu za kulea tena, na kwamba marehemu alitaja jina langu.

Nilirudi Lubumbashi nikazungumza na mume wangu. Siku ya tatu akaanza kutengeneza kitanda kidogo. Ndivyo alivyonijibu.

Karatasi zilichukua miezi, upande wa Zambia na upande wetu. Mwishowe, Chanda akiwa tayari kwetu, mahakama ya watoto ikataka jambo moja kabla ya uamuzi: mtoto apimwe na daktari, afya yake yote ijulikane. Tukaenda. Daktari, mama mmoja mpole, alimpima uzito na urefu. Akamtazama macho, masikio na meno. Akasoma kadi yake ya chanjo kutoka kule, akaandika zile zilizokosekana. Kisha akaniandikia orodha ya vipimo vya laboratwari: choo, malaria, kifua, na vingine. Nikaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Mwishoni niliona zile herufi mbili.

Ndugu zangu, niliogopa sana. Mtauliza, mtoto si wa tumbo lako, damu yake inakuhusu nini? Hata mimi nilijiuliza hivyo. Lakini akilini niliona tena lile dirisha la laboratwari. Nilimwona mama mkwe akisema tena maneno yake, safari hii akiongeza kwamba tumrudishe mtoto kwao. Nikafanya vipimo vyote isipokuwa kile. Daktari aliponiona akasema, "Mama, bipimo biko bizuri. Kimoja njo kinabakia."

Nikamjibu nitarudi kesho. Sikurudi kesho, wala wiki iliyofuata. Nyumbani nikamwambia mume wangu kila kitu ni sawa. Halafu nikaja hapa kushuhudia.

Nilijiambia hiyo ni imani. Nilisema, Bwana alinichukulia mmoja, hawezi kunipa mwingine mgonjwa. Nilimwekea Mungu sheria, ndugu zangu! Na kila nilipoomba, niliomba kwa maneno mengi mno, kama mtu anayefunika kitu.

Ikaja baridi ya mwezi wa saba. Mnajua asubuhi zetu za Lubumbashi, vumbi na upepo unaokata. Jumamosi moja nilikuwa nafua nguo uani. Chanda akatoka ndani bila viatu, akilia kwa sauti ndogo, mikono ameinyoosha mbele. Vidole vilikuwa vimevimba kama vilivyojaa maji. Nikatazama miguu, nayo vilevile. Ruth alianza hivyohivyo.

Nikampakata. Alikuwa wa moto. Nikaanza kuomba: Bwana, mponye, wewe unajua… Nikashindwa kumaliza. Kweli, Mungu alikuwa anajua, na mimi pia nilikuwa najua. Mtoto yule alikuwa ananionyesha mikono yake, na mimi nilikuwa namwomba Mungu anitunzie siri. Machozi yalinitoka, nikasema kwa sauti, "Yesu, nimechoka kuogopa. Hata kama ni SS, nisaidie nijue."

Sikuona mwanga, wala sikusikia sauti. Nilipata tu nguvu ya kusimama. Nikaingia ndani, mume wangu alikuwa anakunywa chai.

Nikamwambia, "Baba Ruth, kile kipimo cha SS, sikumupimisha. Nilikudanganya."

Akaweka kikombe chini. Akasimama, akachukua koti lake. Kisha akauliza, "Karatasi iko wapi?"

"Iko ku mukoba."

"Lete. Twende."

Hospitalini walimpokea haraka. Walimpa dawa ya maumivu, maji kwa mshipa, dawa ya homa, wakampima damu. Majibu yalipotoka tulikuwa wawili, mkono kwa mkono. Ni SS. Daktari yuleyule hakunigombeza. Alisema tumekuja kabla mambo hayajaharibika, na kwamba mtoto ambaye ugonjwa wake unajulikana mapema anaweza kukua, kusoma, hata kuzeeka.

Siku ya pili mama mkwe wangu akafika, kitambaa kichwani, kikapu mkononi. Nikajiandaa kupigwa na maneno. Akasimama karibu na kitanda, akamshika Chanda vidole vilivyovimba. Kisha akamgeukia daktari.

"Dokta, kwa siku anapashwa kunywa maji kiasi gani?"

Daktari akamweleza.

"Na kama hapende kunywa?"

Daktari akasema, kidogo kidogo, mara nyingi. Mama mkwe akatoa kikombe ndani ya kikapu, akaketi, akaanza kazi. Mpaka leo hajaniomba msamaha kwa yale ya kilio, na mimi sijamdai. Lakini siku ile nililia kwenye kona ya wodi mpaka nesi akaniletea kiti.

Ndugu zangu, msiseme Chanda ameponywa SS. Anayo. Kila siku anakunywa dawa yake, analala ndani ya chandarua, anavaa soksi hata akikataa. Akipata homa hatungoji kesho. Kila mwezi anapimwa, na daktari anamgusa tumbo, kuangalia bandama, mpaka anacheka. Mimi ndiye niliyefunguliwa. Mungu alinitoa katika hofu iliyokuwa inamla mtoto kupitia mikono yangu mwenyewe. Asifiwe sana!

Wiki mbili zilizopita tulisimama mbele ya hakimu. Alisoma karatasi ya daktari, akatuuliza kama tumeelewa ugonjwa huu na kama bado tunamtaka mtoto. Mume wangu, ambaye hapendi kusema mbele za watu, akajibu kabla yangu: "Mheshimiwa, ni mutoto yetu." Hakimu akatia sahihi.

Namshukuru Mungu. Nawaomba msamaha kwa ushuhuda ule wa kwanza. Na wewe, mama au baba unayenisikia, uliyemchukua yatima, au uliyezaa, au unayejiandaa kuoa au kuolewa, na kuna kipimo unachokikwepa: mtegemee Bwana, uende. Anakaa hata kwenye benchi la laboratwari. Kama unaogopa kwenda peke yako, kesho saa mbili asubuhi tunampeleka Chanda kupimwa. Tupitie nyumbani, twende wote.