Muthoki Kwenye Monita ya Shiru

Pale Emali, barabara ya Loitokitok inapoachana na ile ya Mombasa, kuna benchi la mbao mbele ya kibanda cha kahawa cha Shiru. Shiru alikuja kutoka Murang'a na birika moja, akasema atakaa kidogo, akakaa. Benchi lina wenyewe. Upande wa kivuli hukaa Mulei, ambaye watu humwita Hansadi, kama zile kumbukumbu za Bunge, kwa sababu hurudia maneno ya wakubwa neno kwa neno, hata yale ambayo wakubwa hawakuyasema. Katikati hukaa Kilonzo, dereva wa lori aliyestaafu, aitwaye Breki kwa sababu akianza kuongea hana. Mwishoni hukaa Mzee Nyamai, ambaye hana jina la utani. Tangu mkewe Muthoki afariki, msimu ule wa kuvuna ndengu, watu wamekuwa wakimtania kwa upole. Jumapili hiyo baada ya kanisa wote watatu walikuwa wameinua shingo, wakitazama kitu kipya kwenye ukuta wa kibanda. Ilikuwa monita ya kompyuta, ambayo Shiru aliinunua kwa mwenye saiba, duka la intaneti, iliyofungwa. Fundi alikuwa ameiunganisha na king'amuzi asubuhi.

— Asi, Breki akasema. Mtazameni huyo mtangazaji. Naona vinyweleo vya mkono wake.

— Mimi naona uzi wa koti, akasema Hansadi. Angekuwa na chawa, ningekuwa nimeshamwona. Ndiyo maana wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Walikuwa wanatabiri monita.

— Wahenga walijua monita? Shiru akauliza huku akimimina.

— Kwa jina, hapana.

— Ile TV yangu ya zamani, ya mgongo, mlikuwa mnaisifu hivi hivi.

— Tulikuwa hatujaona, akasema Breki. Mimi nilidhani watu wa Nairobi wana ukungu usoni. Kumbe ni TV.

Mzee Nyamai alikuwa amevaa koti lake la kanisani na alikuwa amenyoa ndevu. Wenzake walijua sababu.

Mwaka jana, watu wa televisheni walikuja kurekodi kwaya ya kanisa lao. Muthoki alisimama mstari wa pili. Kipindi kilipoonyeshwa mara ya kwanza, yeye alikuwa tayari amezikwa, na watu walikuja kukitazama hapa hapa kwa Shiru. Ile TV ya mgongo ikawaonyesha chengachenga. Hansadi alisema Muthoki ndiye yule wa kushoto. Breki alisema ni wa kulia. Mzee Nyamai akamwinulia mkono mmoja aliyesimama katikati, na kamera ilipokaribia, wakaona ni nguzo ya kanisa iliyofungwa kitambaa cha sherehe. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Leo saa tisa kipindi kinarudiwa, na stesheni imetangaza kwamba baada ya hapo wanaanza vipindi vipya.

— Shiru, akasema Hansadi, sasa weka sauti, karibu waanze.

— Nimeweka yote.

— Basi mbona mtangazaji anatafuna hewa?

Shiru akabonyeza rimoti, akaipiga kidogo kiganjani, akabonyeza tena. Mtangazaji akaendelea kutafuna hewa.

— Fundi aliniambia, akasema taratibu. Hii ni monita ya kompyuta, haina spika. Ataleta spika Jumanne.

— Jumanne kwaya itakuwa imeshaimba, akasema Breki. Shiru, umetuletea macho ukasahau mdomo.

— Mimi sina neno. Hata ikiwa na sauti wanaimba Kikamba, na mimi Kikamba changu ni cha kuuza kahawa.

Hansadi akainua kidole.

— Msilaumu chombo. Debe tupu ndilo huvuma. Hii imenyamaza kwa sababu imejaa.

— Imejaa nini?

— Akili. Hiyo ni kompyuta, bwana. TV ya mgongo haikuwa na akili, ilikuwa inatapika kila kitu ilichopewa. Kompyuta ikipewa wimbo, kwanza inausikiliza yenyewe, iuelewe.

— Hapana, akasema Breki. Hayo ni mambo ya barabara, na barabara mimi naijua. Picha na sauti zinapita kwenye waya mmoja, sawa? Sasa picha ya namna hii ni nzito. Ni treila. Ikiingia barabarani inajaza lami yote. Sauti ni kigari kidogo, imeambiwa iegeshe pembeni ipishe. Mimi nakwambia sauti ya kipindi hiki saa hii iko nyuma huko njiani, Sultan Hamud, inangoja.

— Na itafika?

— Ikifika, kwaya wameshakunja joho.

Mzee Nyamai akakohoa. Wakamgeukia wote, kwa maana walikuwa wanaongea hivyo ili wasimtazame.

— Iacheni hivyo hivyo, akasema. Sauti yake ninayo.

Akaweka kikombe chini.

— Sauti ninayo yote. Nikiwa shambani naisikia ikiniita chakula. Ni uso ndio unanitoka. Picha hakupenda, mnamjua. Akiona simu imeinuliwa anajifunika leso. Nimebaki na ile ya kitambulisho, na pale anaonekana kama mtu aliyekamatwa. Juzi nilikuwa nataka kukumbuka lile kovu lake la shavuni, nikashindwa kujua ni shavu gani. Miaka yote hiyo tumekaa meza moja.

— La kulia, akasema Hansadi upesi.

— Kushoto, akasema Breki.

— Mnaona sasa, akasema Mzee Nyamai.

Shiru akamwongezea kahawa bila kuulizwa, ingawa kikombe kilikuwa nusu.

Breki hawezi kukaa na huzuni muda mrefu. Akainuka, akaenda mpaka kwenye monita, akaegemeza shavu ukutani na kuichungulia kwa upande.

— Unafanya nini?

— Nataka kuona wale waliosimama nje ya picha. Kitu kinachoonyesha hata kinyweleo lazima kina upana wa ndani. Ukijua kona ya kuchungulia, unamwona hadi mwenye kamera.

— Mwenye macho haambiwi tazama, akakubali Hansadi. Monita ni kama dirisha. Ukiegemea dirisha huoni ng'ombe walio kando?

— Hebu nimtafute Mzee Nyamai humo ndani na kile kiondo chake, akasema Breki.

Hapo Mzee Nyamai mwenyewe akatabasamu. Kisa hicho kilikuwa kimesemwa kijiji kizima. Siku ya kurekodi, kwaya ilipoitwa ghafla, Muthoki alimtundikia mumewe begani kiondo chake, kikapu cha kufumwa chenye mkanda, na kukimbilia mstarini. Kwa Wakamba kiondo ni cha mwanamke, na mwanamume akionekana nacho mbele ya kanisa anachekwa mpaka mvua za mwaka ujao. Mzee Nyamai alisimama nacho kando ya kamera tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

— Si ungekiweka chini tu, mzee? Breki akauliza, kama alivyouliza mara nyingi.

— Palikuwa na vumbi.

— Kiondo na vumbi si ndugu?

— Alikuwa amekifuma yeye.

Monita ikabadilika. Lile kanisa lao likajaa ukutani, na nguzo ikaonekana ni nguzo, kitambaa kikaonekana ni kitambaa, hadi vibanio vilivyokishika. Breki akarudi kwenye benchi kwa kurudi nyuma, bila kuyaondoa macho. Kwaya ikafumbua midomo kwa pamoja. Hakuna sauti iliyotoka, ila lori moja lilikuwa linapanda taratibu barabarani.

Kamera ikapita mstari wa kwanza, ikapanda wa pili. Akatokea mama mmoja, akatokea wa pili, kisha Muthoki akatokea.

Hakuna aliyehitaji kuonyeshwa. Jasho dogo lilimmetameta juu ya mdomo. Kola ya joho ilikuwa imeshikwa na pini, maana kifungo kilikatika asubuhi ile. Kovu lilikuwa kwenye shavu la kushoto, jembamba, limepinda kidogo kuelekea sikio, na alipofumbua mdomo likajivuta, kama lilivyojivuta kila alipocheka.

— Kushoto, akasema Mzee Nyamai polepole, kama mtoto anayesoma neno lake la kwanza.

Alikuwa amesimama, na hakuna aliyeona ameinuka saa ngapi. Breki akavua kofia. Hansadi akakunja mikono kifuani kama yuko ibadani. Kamera ikakaa pale pale kwa Muthoki, ikatulia, na hakuna kati yao aliyethubutu kupepesa macho.

Ndipo akaja mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa anangoja gari la kupeleka nyanya zake Loitokitok. Akaomba kahawa. Shiru hakumsikia. Mama akafuata macho ya watu mpaka ukutani, akatazama kwa utulivu kama mtu anayechagua mboga.

— Kwaya nzuri, akasema. Lakini wenzake wote wanamwangalia mwalimu wao. Huyu wa pini mbona anaangalia kando? Anamtazama nani?

Hansadi akageuka kumtazama Mzee Nyamai. Breki akaitazama ile kona ya ukuta alikokuwa amechungulia, kisha akainamisha uso ndani ya kofia yake. Shiru akabaki ameshika birika.

Mama akangoja jibu. Mbele yake alisimama mzee mmoja mwenye koti la kanisani. Alikuwa amepeleka mkono hadi kwenye bega lake na kushika hapo kwa nguvu, kama mtu anayezuia mkanda usiteleze.