Mama Kidole na Makato ya Nyuma ya Fomu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Kidole anastaafu baada ya kuitumikia benki yetu kwa miaka thelathini na mitatu. Mitatu ya mwanzo alikuwa mpiga chapa. Ishirini na minne aliitumia kwenye dirisha namba nne, linalouza fedha za kigeni kwa wasafiri. Sita iliyobaki alikuwa masjala, kile chumba cha majalada kilicho chini ya ngazi. Mhariri wa jarida ameniomba niandike mimi kwa sababu nilikuwa meneja wa tawi kwa miaka kumi na miwili ya utumishi wake, na wenzetu wengi wa enzi hizo wameshatangulia. Ile miaka sita ya masjala ni mimi niliyempeleka, na sababu iliyoandikwa kwenye jalada lake si ya kweli. Nitaifikia.

Dirisha namba nne alilipata kwa ajali. Keshia wa dirisha hilo aliamka na maumivu ya jino siku ambayo kwaya ya watu thelathini ilikuja kununua fedha za safari, kila mmoja akiwa na idadi yake na kila mmoja akidai noti ndogo ndogo. Mpiga chapa alikuwa ndiye pekee asiyekuwa na foleni mbele yake, akaambiwa akae hapo "kwa nusu saa tu". Jioni droo ilifungwa bila kupungua wala kuzidi hata senti. Jino la keshia lilipona kesho yake, dirisha hakulipata tena.

Mikono yake ilikuwa myepesi kwenye noti, na ulimi haukubaki nyuma. Palikuwa na mfanyabiashara wa vipuri aliyesafiri kila baada ya miezi miwili, mwenye tabia ya kukataa kila noti yenye mkunjo. Siku moja alipoirudisha ya nne, Mama Kidole alimtazama juu ya miwani. "Kaka, hizi unaenda kununulia vipuri au unapeleka posa?" Foleni nzima iliangua kicheko, naye akazipokea na mikunjo yake. Aliendelea kuja dirisha hilohilo mpaka alipofunga duka.

Katika mwaka wake wa kumi na moja kazini zililetwa mashine za kadi, na hapo ndipo alipopata jina. Wafanyakazi wa siku hizi wanajua jambo lenyewe, lakini wageni wa sherehe huenda hawalijui. Mtu aliyelipia fedha za kigeni kwa kadi ya mkopo hakuhesabiwa kuwa amenunua kitu. Idara ya kadi ilimhesabu kuwa ametoa pesa taslimu. Alikatwa asilimia fulani ya kiasi chote papo hapo, kisha riba ikaanza kukimbia siku ileile, bila ile nafasi ya wiki kadhaa anayopewa aliyenunua viatu au friji. Juu ya dirisha palikuwa na bango lililosema HATUTOZI KAMISHENI. Lilikuwa bango la kweli. Dirisha halikutoza, iliyotoza ni kadi, na mteja aliyaona makato kwenye taarifa ya mwezi, akiwa ameshakwenda na kurudi. Mahali pekee yalipoandikwa ni nyuma ya fomu, mstari wa kumi na saba, kwa herufi za kusomwa na mwewe.

Mama Kidole alikuwa akiigeuza fomu. Aliiweka mbele ya mteja upande wa nyuma na kusema, "Weka kidole hapa. Soma. Usinisomee mimi, jisomee mwenyewe." Kidole kisipofika kwenye mstari wa kumi na saba, kadi haikupokewa. Kwa waliosingizia macho, droo yake ilikuwa na miwani mitatu iliyosahauliwa na wateja, ya nguvu tofauti. Baada ya hapo aliandika kwa penseli pembeni ya fomu namba moja tu, gharama yote ikiwa imejumlishwa. "Hii ndiyo bei. Ile ya kwenye bango ni salamu."

Nakumbuka muuguzi mmoja aliyekuwa anakwenda masomoni. Alisoma, akarudia, akainua kichwa. "Yaani nakopa ili ninunue pesa?"

"Ndiyo, dada. Na pesa yenyewe unaenda kuitumia kwa nauli na mkate."

Muuguzi alirudisha kadi kwenye pochi, akahamia dirisha namba mbili, akatoa akiba yake mwenyewe bila makato, kisha akarudi kununua. Zaidi ya nusu ya wateja walifanya hivyo. Wenzake walimtania kwamba benki inamlipa mshahara ili aifukuzie biashara. Yeye aliwajibu kwamba mteja aliyefukuzwa hivyo hurudi na mashemeji zake, na kwa kweli walirudi.

Makao makuu walihesabu kwa namna nyingine. Kila robo mwaka ilikuja orodha ya matawi kumi na manne, ikionyesha kiasi cha fedha za kigeni kilicholipiwa kwa kadi. Sisi tulikuwa wa mwisho mara tatu mfululizo. Niliitwa, nikakalishwa kwenye kiti kifupi kuliko cha mwenyeji wangu, nikaulizwa kama wateja wa mtaa wangu hawana kadi. Niliporudi nilimwita ofisini.

"Dada, maelezo yapo nyuma ya fomu. Kisheria tumeshamwambia mteja. Si kazi yako kumsomesha."

"Bosi, ni kazi ya nani?"

Nilimwambia ni kazi ya mteja. Alisema sawa, akarudi dirishani, na mteja aliyefuata akaambiwa aweke kidole.

Hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Nilimpa mlinzi wa mlangoni saa na daftari, nikamwagiza aandike kila mteja wa dirisha namba nne anakaa dakika ngapi. Mlinzi alifanya kazi safi. Wastani ulikuwa dakika kumi na moja, ilhali madirisha mengine yalikuwa na sita. Nikaandika barua ya onyo kwa kuchelewesha wateja na kukaidi maelekezo, na uhamisho wa kwenda masjala. Takwimu zote zilikuwa sahihi. Barua haikutaja kadi, wala makato, wala mstari wa kumi na saba. Aliisoma mbele ya meza yangu, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kisha akaniuliza, "Sababu yenyewe iko ukurasa gani?" Nikamwambia asaini. Akasaini.

Masjala hakwenda kufa kikondoo. Alikuta majalada yamepangwa kwa rangi, na rangi zenyewe zimepauka kiasi kwamba kijani na bluu zilikuwa zimefunga ndoa. Aliyapanga upya kwa mwaka na aina ya kazi, na mpango huo ndio mnaoutumia hadi leo. Mjane mmoja aliyekuwa akizungushwa mwaka mzima kwa ajili ya hati ya nyumba yake aliipata ndani ya siku tatu. Wakaguzi walipouliza karatasi, zilikuja kabla chai yao haijapoa. Tawi lilisifiwa. Barua ya sifa niliipokea mimi.

Kuelekea mwisho wa mwaka wa sita, binti yetu aliyeolewa ughaibuni alijifungua, na mke wangu akajiandaa kwenda kumsaidia. Alinunua fedha za safari hapohapo tawini kwangu, dirisha namba nne, kwa kadi ya ziada iliyounganishwa na yangu, mimi nikiwa kikaoni. Alirudi nyumbani akimsifu keshia mpya: dakika nne, karatasi moja, saini moja, kwaheri. Baadaye, yeye akiwa ameshamwona mjukuu na kurudi, ilikuja taarifa ya mwezi ikiwa na mistari mitatu ya makato nisiyoyatambua. Nikapiga simu idara ya kadi kuripoti wizi. Nilisema neno wezi zaidi ya mara moja. Nilidai kadi ifungwe na polisi wajulishwe.

Binti wa upande wa pili wa simu alisubiri nimalize. "Mzee, hakuna mwizi. Hayo ni makato ya kutoa taslimu pamoja na riba. Yako nyuma ya fomu. Hamkusoma?"

Waraka ulioileta fomu hiyo tawini ulikuwa na saini yangu. Nilikuwa nimelilinda kwa miaka sita jambo nisilolielewa vizuri hata mimi, kwa sababu sikuwahi kukaa upande wa pili wa dirisha. Mke wangu alikuwa mezani, anamenya chungwa, na alikuwa amesikia yote.

"Yule mama wa kidole mlimpeleka wapi?"

"Masjala."

"Kwa kosa gani?"

Nikauliza kama kuna chai. Akasema maji yako jikoni.

Jumatatu iliyofuata Mama Kidole alirudishwa dirishani. Sababu iliyoandikwa ni mahitaji ya kazi. Barua ya onyo niliiacha ilipo, kwa kuwa kanuni inataka aliyeiandika aifute yeye mwenyewe na aeleze kwa maandishi kwa nini, na mimi nilikuwa nimebakiza miaka minne nistaafu kwa heshima. Nilistaafu kwa heshima. Nilipewa saa ya ukutani.

Mwenye barua ya onyo isiyofutwa hapandi kuwa keshia mwandamizi. Kwa hiyo kwa miaka kumi na mitano tangu arudi dirishani, Mama Kidole aliwafundisha kazi watu waliompita vyeo. Wawili kati yao ni mameneja sasa, na wote wawili wanageuza fomu. Pensheni hupigwa kwa cheo cha mwisho, na jalada la mstaafu likifungwa halifunguliwi. La kwake linafungwa Ijumaa. Langu mimi pia, kwa maneno ya daktari, halina muda mrefu, na mwandishi wa barua akishaondoka hakuna mwingine mwenye mamlaka ya kuifuta.

Wiki mbili zilizopita niliandika barua ya kuifuta, na binti yangu mwingine, anayeishi hapa, akaipeleka idara ya utumishi. Ilirudishwa ikiwa na maneno kwamba maelezo hayatoshi. Nikaandika tena, kurasa nne safari hii, na humo nikaweka kiti kifupi, saa ya mlinzi na simu ya wizi. Jumanne afisa utumishi alinipigia. Onyo limefutwa, cheo kimerekebishwa kuanzia mwaka aliostahili, na pensheni yake itapigwa kwa cheo hicho.

Nilimpigia mwenyewe siku hiyohiyo. Nikamweleza, nikamwomba radhi.

"Nashukuru, bosi," alisema. "Hilo langu limekwisha. Na wale wengine?"

"Wepi?" Niliuliza, ingawa nilikuwa nimeelewa.

"Waliopita dirishani miaka ile sita. Walioambiwa wasaini tu. Wao nani atawaandikia?"

Nilisema sidhani kama wanaweza kupatikana, ni watu wengi, ni zamani.

"Wanapatikana. Fomu zao zipo rafu ya saba, nilizipanga mwenyewe kwa miezi. Majina, anwani, kiasi. Nilijua ipo siku mtu atauliza." Akakohoa kidogo. "Nilidhani utauliza mapema zaidi."

Hakusema kama amenisamehe, nami sikurudia ombi. Juzi niliandika barua ya tatu, hii kwenda makao makuu, nikitaja rafu hiyo na kuomba wateja wa miaka ile waandikiwe na warudishiwe makato ambayo hawakuelezwa. Nakala iko kwa meneja wa sasa. Majibu ya barua za namna hiyo huchukua muda ambao mimi sina. Kwa hiyo nawaombeni ninyi mliobaki kazini, mnaojua masjala ilipo, mlifuatilie jambo hilo hadi mpate majibu. Aliyewapangia kazi hiyo ni yeye.

Dada, tawi hili limekula matunda ya kazi yako kwa miaka thelathini na mitatu, na sasa linajua pia gharama uliyolipa. Ahsante. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na siku nyingi ambazo hakuna atakayekupangia pa kukaa.