Jibu la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mkuu wa masijala ya wagonjwa atafunga kabati la mwisho na kukabidhi funguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi miwili katika hospitali hii, aliyoanza kuitumikia kama karani wa kadi. Tunamwita Bi Masijala, na wapo madaktari hapa wasiojua kwamba ana jina lingine.

Kamati ya sherehe iliniomba mimi, mfanyakazi mwenzake, maneno mawili matatu ya furaha. Furaha ipo, nitaifikia. Lakini yeye mwenyewe alipoulizwa anataka zawadi gani, hakutaja saa ya ukutani wala seti ya vikombe. Alisema kwamba katika faili lake la utumishi, ukurasa wa arobaini na moja, kuna barua ya onyo ambayo haijajibiwa kwa miaka ishirini na miwili, naye hataki kuondoka kabla haijajibiwa. Barua hiyo inamtuhumu kwa "tabia ya kutoroka kazini kwa kisingizio cha tumbo." Basi na tuijibu.

Tumbo lilimwanza mwaka wa pili wa kazi. Kuharisha, damu, maumivu ya chini upande wa kulia, homa za kuja na kuondoka. Alipanga foleni kama mgonjwa yeyote, akaambiwa ni amiba, akameza dawa, akapata nafuu. Mwaka uliofuata yakarudi yaleyale, akaambiwa ni amiba. Wakati huo hospitali yetu ilikuwa na desturi yake: kila Januari, kadi za mwaka uliopita zilifungwa kamba na kupelekwa stoo, na kila mgonjwa alifunguliwa kadi mpya. Tuliiita usafi wa masijala. Ukweli ni kwamba kila Januari hospitali nzima ilijisahaulisha wagonjwa wake, tena kwa mwandiko mzuri. Bi Masijala alipata kadi kumi na moja kwa miaka kumi na mmoja, na katika kila kadi ugonjwa wake ulikuwa mgeni.

Amiba ni kijidudu; ukikiua, kimekufa. Ugonjwa wake haukuwa na kijidudu cha kuua. Ni uvimbe sugu wa utumbo: kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na adui wa nje, inaugeukia utumbo wa mwenyewe na kuutia vidonda. Hulala kwa miezi hata ukadhani umepona, kisha huamka. Hauambukizi. Hauletwi na pilipili, wala na mawazo, wala na wivu wa jirani, ingawa vyote vitatu alishauriwa aviache, na kwa hicho cha tatu alielekezwa hata mlango wa mganga wa kwenda kuubisha.

Tena hauishii tumboni. Magoti yake yalivimba, akapelekwa jengo la tatu, akapewa dawa ya kuchua. Jicho likawa jekundu na kuuma mwangani, akapelekwa jengo la pili, akapewa matone. Damu ilipungua mpaka akaanguka kati ya rafu mbili za mafaili, na wenzake wakaanza kuulizana mtoto atazaliwa lini. Siku hiyo alisema neno ambalo bado tunalirudia: "Goti langu liko jengo la tatu, jicho jengo la pili, tumbo jengo la kwanza. Mimi mwenyewe niko jengo gani?" Hospitali yenye majengo matatu haikuwa na mtu mmoja wa kumtazama mtu mmoja.

Nyumbani aliyejua alikuwa mumewe, fundi cherehani, na alijua kwa futi yake ya kupimia. "Mke wangu," alimwambia, "gauni hili nimelipunguza mara tatu mwaka huu. Sasa imebaki mishono, kitambaa kimekwisha." Fundi cherehani aliona alichoshindwa kuona mzani wa kliniki, kwa sababu yeye hakufungua kadi mpya kila Januari.

Sasa tuje kwenye ufunguo wa choo. Msala wa wafanyakazi wa ghorofa ya chini ulikuwa na ufunguo mmoja, uliofungwa kwenye kipande cha mbao kikubwa kama tofali ili usipotee. Ukiushika, ukumbi mzima unajua uendako. Karani mkuu wa zama hizo, ambaye ndiye aliyeandika barua, aliongeza daftari: jina, saa ya kutoka, saa ya kurudi, sahihi. Alipenda kuuliza, tena mbele ya wagonjwa kwenye benchi, "Mama huyu ameajiriwa masijala au msalani?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na ninaandika haya kwa mkono uleule nilioufunikia mdomo. Bi Masijala naye alichukua lile tofali la mbao, akajaza daftari mstari kwa mstari bila kuacha hata dakika moja, kwa kuwa alikuwa karani na hakujua kuandika ovyo.

Barua ya onyo ikaja katika wiki tatu mbaya kuliko zote. Wiki ya nne akaja daktari mgeni, mwanamke mwenye miwani na haraka kidogo, akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: unakwenda msalani mara ngapi kwa siku, na tangu lini? Bi Masijala akaomba dakika kumi. Alishuka stoo, akafungua kamba kumi na moja za Januari kumi na moja, akatoa kadi zake zote. Kisha akapitia mezani kwa karani mkuu, akabeba daftari la msala.

Daktari alizipanga kadi juu ya kitanda cha wagonjwa, akasoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Miezi ya mara mbili kwa siku, kisha wiki za mara kumi na moja, kisha utulivu, kisha tena. Alinisimulia baadaye kwamba hajawahi kupewa maelezo ya mgonjwa yaliyo kamili kiasi kile. Karani mkuu alikuwa amekusanya ushahidi kwa miaka, na hakuelewa ni ushahidi wa nini.

Kipimo cha kamera kilifanyika, na ugonjwa ukapata jina lake. Lakini miaka kumi na mmoja si kidogo. Sehemu ya utumbo ilikuwa imejaa makovu na kusinyaa, chakula hakipiti. Ilibidi sehemu hiyo ikatwe na utumbo uunganishwe. Kipande hicho cha mwili wake kilipotea kwa sababu ya kamba za stoo, na sitaki mtu yeyote asimame Ijumaa aseme kwamba ilikuwa bahati mbaya. Dawa za kwanza zilimvimbisha uso, na haohao waliomcheka wakamwambia amenawiri.

Alirudi kazini baada ya miezi minne. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzifuta kadi za Januari, na ilimchukua miaka mitatu ya vikao. Leo kila mgonjwa ana faili moja maisha yake yote. Mbao ya ufunguo aliichukua, akaifanya kigingi cha kuzuia mlango wa masijala, na msala hauna daftari. Juu ya benchi la wagonjwa alibandika tangazo kwa mwandiko wake: mwenye kuharisha zaidi ya wiki nne, au kuona damu, au kupungua bila sababu, asikubali kutibiwa kila mara kama mgeni, aseme tangu mwanzo, na adai achunguzwe ndani. Amewafundisha kazi makarani zaidi ya arobaini, na kila mmoja amekariri sheria yake: karatasi ikishaingia kwenye faili, haitoki.

Ninaijua sheria hiyo. Kule nilikotoka, jengo la kumbukumbu liliungua, na nilipofika hapa sikuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba nilizaliwa. Bi Masijala ndiye aliyenifungulia kadi. Aliniuliza tarehe, nikamtajia, akaandika. Hakuuliza ushahidi.

Wiki iliyopita utawala ulikubali kwamba ile barua ilikuwa dhuluma, ukamwambia itachanwa. Alikataa. Sheria ni sheria, alisema, hata kwa faili langu. Anachotaka ni ukweli uwekwe juu yake, mtu akifungua auone kwanza.

Kwa hiyo wasifu huu umeandikwa kwa nakala mbili. Moja ni ya kusomwa ukumbini. Ya pili naileta masijala mwenyewe, itobolewe, itiwe kwenye faili lake na ipewe namba, na mkurugenzi ameahidi kuweka sahihi. Bi Masijala, ahsante kwa kutukumbuka sote. Nenda ukapumzike kwa mumeo, tumbo lilale usingizi mrefu, na gauni lisipunguzwe tena. Hukutoroka kazini hata siku moja.