Bi Gobnait na Viti Mia na Ishirini vya Cill Rua

Leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bi Gobnait Ní Chróinín anastaafu baada ya kulitumikia Jumba la Maigizo la Cill Rua kwa miaka thelathini na saba. Aliajiriwa Septemba 1988 kufagia ukumbi. Kufikia Krismasi alikuwa akiuza tiketi, na mwaka uliofuata akapewa kazi aliyoifanya hadi leo: kuutafutia watazamaji mchezo wetu wa kila Novemba, ule unaoigizwa kwa Kiayalandi.

Mabango hakuyaamini. Alisema bango halijibu swali. Alikwenda mnadani siku za ng'ombe, posta siku ya pensheni, na kanisani akasimama langoni misa ilipokwisha. Mfugaji mmoja alimtania mnadani, "Gobnait, hiyo lugha yako hata ng'ombe wangu hawaijui tena!" Akajibiwa papo hapo, "Ng'ombe wanaijua, bwana. Aliyesahau ni mwenye ng'ombe." Akanunua tiketi tatu.

Tukio linalokumbukwa zaidi ni la 1994. Bi Gobnait alijua kwamba mji mzima huacha kazi kusikiliza matangazo ya vifo redioni, akaomba tangazo letu lisomwe mara tu baada ya hayo. Mtangazaji akatoka kwenye vifo bila kupumua, akasoma kwamba Muiris Bán, mfumaji, atakuwa ukumbini Cill Rua Ijumaa kuanzia saa moja na nusu jioni, na wote wanakaribishwa. Muiris Bán alikuwa mhusika mkuu wa mchezo. Ijumaa ikaja foleni ya makoti meusi na sahani za sandwichi. Kila mmoja alidhani marehemu ni wa ukoo wa jirani yake, na kwetu msiba hausubiri uwe umejuana na aliyekufa. Bi Gobnait hakumrudisha mtu. Alipokea sahani, akawaketisha wageni, na sandwichi zikaliwa wakati wa mapumziko. Viti vyote mia na ishirini vilijaa. "Tumekuja kumzika," mzee mmoja alimwambia mlangoni akitoka, "tumemkuta ana maneno mengi kuliko sisi."

Wengi wa waliosimama kwenye foleni ile wameshasomwa wenyewe katika matangazo hayohayo. Mwaka huu kamati imeamua kwamba ukumbi usipojaa hata nusu usiku wa leo, mchezo wa Kiayalandi hautakuwapo tena. Hadi Jumatano, programu hii ilipokwenda kupigwa chapa, tiketi zilizochukuliwa zilikuwa kumi na saba, tisa kati yake za jamaa wa waigizaji.

Wiki iliyopita nilifuatana naye nyumba kwa nyumba katika barabara ya kwenda baharini, maana kuanzia Jumatatu kazi hii ni yangu. Nyumba ni kumi na moja. Saba ni za watu wa likizo, zimefungwa hadi Juni. Katika mojawapo ya zilizobaki, Bwana Donncha alisema, "Tungekuja, dada, lakini tutakaa pale kama mabubu." Bi Gobnait akamuuliza, "Na kule Poland, kwenye harusi ya mwanao, ulielewa nini? Si ulicheza mpaka viatu vikakushinda?" Donncha alicheka mpaka akajifuta machozi. Tiketi hakuchukua. Tulipofika barabarani Bi Gobnait alisema taratibu, "Zamani wakicheka, walikuja." Kisha akaenda kubisha mlango uliofuata.

Ningependa kuandika kwamba kazi yake inabaki katika mikono salama. Siwezi kuliandika hilo kwa uhakika. Yeye anajua jina la kila mbwa wa barabara ile.

Katika miaka yote hii hajaruhusu pazia lichelewe hata dakika moja, hata mwaka ule daraja lilipofunikwa na maji. Usiku wa leo ameomba dakika kumi, asimame mlangoni, huenda kuna aliye njiani. Kamati imekubali. Wewe uliyekwisha kuketi na kusoma haya, tunakuomba uvumilie. Asipotokea mtu, atafunga mlango mwenyewe na kuingia.

Bi Gobnait, asante kwa kila mlango uliobisha kwa ajili yetu. Tunakuombea afya na mapumziko ya amani. Ukishafunga, njoo uketi popote upendapo.